Nevigesheni ya ndani ya gari la umeme: naiwasha hata njia nikiwa naijua

Watu wengi wakiingia kwenye gari jipya cha kwanza ni kuunganisha simu, ramani ya simu inakaa kwenye skrini kubwa na ile iliyokuja na gari inasahaulika mazima. Siwalaumu. Kwenye kutafuta mahali kwa jina simu inashinda asubuhi na mapema, unagonga herufi tatu tu ishakuletea ulipotaka, wakati hii ya gari langu inataka mji kwanza, halafu barabara, halafu namba, kama karani anayekujazisha fomu, na kibodi yake inachelewa kuitika ukigusa. Kwa hiyo kama gari lako ni la petroli na unachotaka ni mshale wa kukwambia kata kushoto, baki na simu yako. Ila kwenye gari la umeme mi sasa hivi naweka safari kwenye ramani ya gari hata njia ninayoijua vizuri, manake gari lenyewe nalo linaisoma, na likishajua unaelekea wapi linarekebisha mambo kibao huko chini bila kukuuliza.

Tuanze na chaji. Betri ya lithiamu ikiwa ya baridi haipendi kusukumiwa umeme mwingi kwa mkupuo, ukilazimisha lithiamu inajipaka juu ya elektrodi badala ya kuzama ndani na betri inachakaa, kwa hiyo kompyuta ya gari inabana. Ndo pale unachomeka kwenye mashine imeandikwa kilowati 150, unaona inaingia 40 na ushee, unaanza kuitukana mashine ya watu wakati anayebana ni gari lako. Sasa ukiwa umekiweka kile kituo kwenye ramani, gari linaanza kupasha betri likiwa bado barabarani. Kwangu inatokea alama ndogo ya betri yenye vimistari vya joto pembeni ya asilimia, ukizima redio unasikia pampu inavuma kwa mbali, na matumizi ya umeme yanapanda kidogo. Usishtuke, ukifika unachomeka na kilowati zinapanda chapchap badala ya kutambaa. Tesla waliileta hii 2019, wengine wengi wakafuata, na kuna magari yanatumia mtindo huo huo kuipoza betri kama imechemka sana.

Lakini kuna mtego hapa na wengi wananasa bila kujua. Ukiongozwa na ramani ya simu, kwa magari mengi gari halijui kama unaenda kuchaji, linajua tu unaendesha, kwa hiyo halipashi chochote. Na hata kwenye ramani ya gari, ukiandika jina la jengo ambalo chaja ziko kwenye maegesho yake, linaona unaenda kupaki basi. Lazima uichague chaja yenyewe kutoka kwenye orodha ya vituo vya chaji, ile yenye alama ya plagi, na iwe ya haraka, ya DC, yaani ya umeme unaoingia moja kwa moja kwenye betri. Magari mengine yana kitufe cha kupasha betri kwa mkono, ingia kwenye menyu ya chaji utafute kama unacho, kitakusaidia siku ambayo kituo unachoenda hakimo kwenye ramani.

Kitu kingine nilichokipenda ni ile asilimia ya kufikia, yaani betri itabaki na ngapi ukifika. Zile kilomita zinazoandikwa kwenye dashibodi kwa kawaida zinahesabiwa kwa ulivyoendesha huko nyuma, ukitoka kwenye foleni za mjini unaona namba tamu, ukiingia barabara kuu inayeyuka. Ya ramani inahesabu njia iliyo mbele, milima, materemko, spidi ya barabara yenyewe, na spidi ndo mchawi mkubwa hapa maana upinzani wa hewa unakua kwa mraba wa mwendo, ukiongeza mwendo kidogo tu kwenye barabara kuu betri inaisikia. Kwangu ikiniambia nitafika na asilimia 18 halafu nikaona inashuka 16, 15, napunguza mwendo na inasimama hapo hapo. Ni kama mchezo, unajikuta unaendesha kistaarabu bila kusukumwa na mtu. Magari yanayotumia Google ndani ya gari lenyewe, kama gari la umeme la Polestar 2 lililotoka 2020, yanafanya hivo hivo sababu ramani inaiona betri moja kwa moja.

Kwenye kupanga vituo ndo inaanza kuniudhi. Itakwambia simama hapa uchaji mpaka asilimia 62 uondoke, na hapo iko sahihi kabisa, juu ya 80 hivi umeme unaingia kwa kujivuta, mara nyingi kusimama mara mbili kifupi kunakuwahisha kuliko kusimama mara moja ukajaza mpaka pomoni. Tatizo ni vituo inavyovichagua. Iliwahi kunipeleka kwenye chaja iliyoko ndani ya geti la maegesho ya wafanyakazi, mlinzi ananiangalia tu, na siku ingine ikanionyesha chaja ziko wazi kumbe moja skrini imekufa. Taarifa za chaja zinatoka kwa wenye vituo, wasipozileta vizuri ramani inabaki kubahatisha. Nenda kwenye kichujio uweke kuanzia kilowati 50, la sivyo itakuwekea zile za polepole, za AC za kilowati 22, na magari mengi ya umeme yanapokea 11 tu kwenye AC, mengine hata hizo hayafiki, utakaa hapo mpaka uote mizizi. Kwa safari ndefu mi napanga nyumbani kwenye A Better Routeplanner, app ya kupanga safari za magari ya umeme, ile ya Waswidi ambayo kampuni ya magari ya umeme ya Rivian waliinunua 2023, halafu vituo naviingiza kwenye gari kimoja kimoja. Usumbufu ndio, ila nalala na amani.

Upande wa kumsaidia dereva, hapa sikutegemea kitu na nimebadili mawazo nusu. Kruzi ya gari langu, ule mfumo wa kushika mwendo wenyewe, inaona kona kwenye ramani kabla kamera haijaiona, unakuwa umeachia mafuta, sijui niseme umeachia umeme, na gari lenyewe linalegea taratibu kabla ya kona kali au kipilefti, linarudisha umeme kwenye betri badala ya kuchoma breki, likitoka kwenye kona linavuta tena. Kwenye mteremko wenye kona nyingi ni raha tupu. Usukani shika mwenyewe lakini, na macho mbele.

Ila spidi za vibao nimeizima ile ya kujirekebisha yenyewe. Gari linachanganya kamera na ramani, kamera ikikosa kibao linategemea ramani, na ramani ikiwa ya zamani au ikidhani uko kwenye ile barabara ndogo ya pembeni basi unatembea vizuri ghafla linabana kuelekea 40 na lori liko nyuma yako. Onyo la mlio nimeliacha. Umoja wa Ulaya tangu Julai 2024 kila gari jipya linatakiwa liwe na mfumo wa kumtahadharisha dereva akizidisha spidi, kwa hiyo huu mlio itabidi tuuzoee. Apudeti za ramani usizipuuze, hiyo 40 ya uongo mara nyingi ni ramani iliyolala.

General Motors (GM) wa Marekani walipotangaza 2023 kwamba wanaanza kuondoa CarPlay na Android Auto, zile zinazoleta simu kwenye skrini ya gari, kwenye magari yao mapya ya umeme watu waliwaka, na mi pia nisingependa kunyang'anywa. Ila hoja yao kwamba betri na ramani ziwe zinaongea naielewa. Suluhisho langu ni app ya gari kwenye simu, natafuta mahali kwenye simu natuma kwenye gari, ile kibodi siigusi.

Kama unanunua, hasa gari la mkononi, muulize muuzaji kitu kimoja kabla hujalipa: huduma ya mtandao ikiisha muda wake, ramani inabaki? Na kupasha betri je, kunabaki au kunaondoka nayo? Mwambie akuonyeshe kwenye skrini, asikujibu kwa mdomo.