Vijitabu vya siasa vya karne ya 18: ununue toleo la London au la Dublin?
Hadi 1801 sheria ya hakimiliki ya Uingereza haikufika Ireland, hivyo wachapaji wa Dublin walichapa upya vijitabu vya London bila kosa lolote kwao. Toleo la London kwa kawaida lina maandishi makubwa na pambizo pana. La Dublin hubana maneno kuokoa karatasi. Kama mjadala ulizuka Westminster, kwenye Bunge la Uingereza, tafuta la London. Kwa mambo ya Ireland usiidharau Dublin: barua za Drapier, vijitabu vya mwandishi Jonathan Swift vya kupinga sarafu mpya za shaba, 1724, zilichapwa kwanza huko na John Harding.

Lolote utakalochagua, kagua kabla ya kulipa. Vijitabu vingi vilijalidiwa pamoja, kisha vikachanwa viuzwe kimoja kimoja. Hapo ndipo karatasi ya mwanzo yenye jina fupi tu, au ya mwisho yenye matangazo, hupotea. Hesabu karatasi ukifuata herufi za alama chini ya kurasa, zinazoonyesha mpangilio wa mikunjo ya karatasi: A, B, C na kuendelea. Ukikuta I inafuatwa na K, hakuna kilichopotea. Wachapaji wale hawakutumia J wala W. Tazama na juu. Kisu cha mjalidi kikishakula mstari wa kichwa, thamani imeanguka, na afadhali ya Dublin yenye pambizo kamili na vitundu vya uzi wa awali.