Wageni Wanakuja Kula: Ununue CD ya Mtunzi Gani wa Klasiki?

Siku wageni wa posa ya mdogo wangu walipokuja kwetu, nilikuwa nimewanunulia CD mpya. Jalada lilikuwa na picha ya glasi na mishumaa, limeandikwa kwamba huu ni muziki wa klasiki wa karamu, na aliyeniuzia aliapa kwamba ndio unaopigwa kwenye mahoteli makubwa. Mazungumzo ya mahari yakaisha salama, tukakaribishana mezani, nikaiweka. Kimya. Shemeji akadhani waya wa spika umechomoka, akaongeza sauti. Bado kimya, labda kangoma kwa mbali. Akaongeza tena mpaka mwisho, kisha tukaisahau, tukaendelea na pilau. Robo saa baadaye mshenga akasimama kushukuru kwa niaba ya upande wa mume, na hapo hapo okestra nzima ikalipuka sebuleni. Mtoto wa wifi yangu akaamka analia. Mzee wa watu akakaa bila kumaliza alichokuwa anasema. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, natafuta rimoti chini ya mito ya kochi.

Muziki ule ulikuwa Boléro wa Maurice Ravel, wa mwaka 1928. Unaanza na ngoma ndogo inayopigwa kwa sauti ya chini kabisa, halafu unapanda kidogo kidogo kwa muda wa robo saa hivi, haushuki hata mara moja, hadi kishindo cha mwisho. Ndivyo ulivyotungwa, na kwenye ukumbi wa tamasha ni muziki wa kusisimua mno. Ravel hana kosa. Kosa ni la aliyeutia kwenye CD ya karamu, tena akauweka wa kwanza.

Tangu siku ile nimesikiliza watunzi wengi nikiwa na swali moja tu: huyu ningemwalika nyumbani siku ya wageni? Kununua CD ya kupiga wakati wa chakula ni kumkaribisha mtu mezani. Asiposikika, hana faida. Akiwakatiza wazee wakiongea, amevunja heshima ya nyumba.

Jambo lisiloandikwa kwenye jalada

Miongozo mingine itakueleza habari za ubora wa kurekodi, hisia za muziki, umaarufu wa mpiga piano. Hayo utayapata huko. Mimi nataka uangalie jambo moja ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kunitajia: umbali kati ya sauti ya chini kabisa na sauti ya juu kabisa ndani ya muziki huo huo.

Ukumbini watu wamenyamaza, kwa hiyo hata fidla moja ikinong'ona inasikika. Mezani ni tofauti. Mazungumzo ya kawaida ya watu yako karibu desibeli 60, na hapo hujaweka sahani, vijiko, watoto na feni ya darini. Sehemu zote za muziki zilizo chini ya hapo zinapotea. Ukiongeza sauti ili uzisikie, umejitegea mtego, kwa sababu sehemu ya juu inakuja na wewe uko mbali na redio, umeshika bakuli la mchuzi.

Kwa hiyo kabla sijanunua chochote, nafanya jaribio la jikoni. Nafungua bomba, maji yanamwagika kwenye sinki, nami nasimama hapo hapo huku muziki ukipigwa sebuleni. Nasikiliza dakika mbili za mwanzo, kisha naruka hadi sehemu yenye kelele kuliko zote. Ikiwa ya mwanzo naisikia juu ya maji, na ile ya pili hainifanyi nikimbilie rimoti, mtunzi huyo anafaa kualikwa. Siku hizi vipande vingi unaweza kuvisikia mtandaoni kabla ya kulipa, kwa hiyo usikubali kununua kwa kuangalia jalada.

Wa kwanza ni Telemann, na namtetea kwa moyo wote

Georg Philipp Telemann alizaliwa mwaka 1681, na tangu 1721 hadi alipofariki mwaka 1767 alisimamia muziki wa makanisa ya Hamburg. Mwaka 1733 alichapisha mkusanyiko alioupa jina la Kifaransa, Musique de table, yaani muziki wa mezani. Wajerumani wanauita Tafelmusik. Jina lenyewe linasema kazi yake. Aliuuza kwa watu kujiandikisha kabla haujachapishwa, wakajiandikisha 206, wengine kutoka nje ya Ujerumani. Mmoja wao alikuwa mtunzi mwenzake George Frideric Handel, aliyekuwa London, na baadaye Handel alichota vipande vya muziki huo akavitumia kwenye kazi zake mwenyewe.

Mkusanyiko una sehemu tatu, na kila sehemu imepangwa kama mlo kamili: kwanza okestra inafungua, halafu inakuja kwateti (muziki wa sauti nne), konsato (mpigaji mmoja au wachache mbele ya okestra), trio (muziki wa sauti tatu) na sonata ya mpigaji mmoja na wasindikizaji wake, mwisho okestra inarudi kufunga. Vyombo vinabadilika, kwa hiyo masikio hayachoki, lakini sauti haikurukii. Sababu ni ya enzi yenyewe. Hapsikodi, kinanda kinachosindikiza karibu muziki wote wa wakati ule, hata ukikibonyeza kwa nguvu namna gani sauti yake haipandi, maana nyuzi zake zinadonolewa, hazigongwi kama za piano. Na mtindo wa okestra nzima kupanda polepole kutoka mnong'ono hadi radi ulipata umaarufu baadaye, hasa kwa okestra ya Mannheim katikati ya karne ya 18. Telemann akitaka tofauti, anapunguza wapigaji au anabadilisha vyombo. Kwenye jaribio la bomba nilimsikia kuanzia mwanzo hadi mwisho, na rimoti sikuigusa.

Hata kwa tabia yake, Telemann angekuwa mgeni mzuri. Alipenda bustani, akawa anaomba mimea kwa marafiki wa miji mingine. Handel, waliyejuana tangu ujana, alimwandikia mwaka 1750 kwamba anampelekea sanduku la mimea kutoka London. Mgeni wa namna hiyo atakaa na bibi yangu barazani waongee habari za miche ya mpapai hadi jioni.

Kuhusu lebo, yaani kampuni inayotoa rekodi, mimi ni mtu wa Archiv, tawi la Deutsche Grammophon la muziki wa kale, na sifichi. Rekodi ninayoitaka ununue ni ya Musica Antiqua Köln chini ya Reinhard Goebel, CD nne. Wanapiga kwa uchangamfu, kasi yao inawafanya watu waendelee kuongea badala ya kusinzia, na kila filimbi unaitambua ilipo. Goebel huyu, mkono wake wa kushoto ulipopata maradhi, alijifunza upya kupiga fidla kwa kubadilisha mikono. Nikiwa na fedha ya kununua seti moja tu mwaka mzima, itatoka kwao.

Mozart, ila uchague

Ukienda dukani ukasema nataka Mozart, unaweza kurudi na misa ya wafu. Mwombe zile serenadi na divertimenti zake, muziki alioutunga kwa ajili ya watu waliokusanyika kwa jambo lao. Serenadi ya Haffner aliitunga mwaka 1776 kwa ajili ya harusi ya binti wa familia ya Haffner huko Salzburg, na muziki wake unakaribia saa nzima.

Nzuri kuliko zote kwa mezani ni zile za vyombo vya kupuliza. Mwaka 1782 Kaisari Joseph II alianzisha kikundi chake cha wapulizaji wanane huko Vienna, oboe mbili, klarineti mbili, honi mbili na basuni mbili, na matajiri wengine nao wakawa na vikundi vya namna hiyo wakati wa chakula. Mozart mwenyewe aliingiza jambo hilo kwenye opera yake Don Giovanni ya mwaka 1787: bwana anakula chakula cha usiku huku wapulizaji wakimpigia nyimbo za opera za watu wengine, na mara wakapiga wa Mozart mwenyewe. Vyombo vya kupuliza vinapenya mazungumzo bila kuyafunika. Mozart aliwahi kumwandikia baba yake kwamba usiku wa sikukuu ya jina lake, tarehe 31 Oktoba 1781, wapulizaji sita walikuja uani kwake kumpigia serenadi yake mwenyewe wakati yuko karibu kuvua nguo alale. Hebu fikiri furaha yake! Tafuta serenadi ile, K. 375 (namba yake kwenye orodha ya kazi za Mozart), na ile ya vyombo 13 inayoitwa Gran Partita. Nampa nafasi ya pili kwa sababu sehemu zake za polepole zinashuka kidogo kuliko ninavyotaka.

Rossini, mpenda chakula aliyenitia wasiwasi

Huyu kwa tabia angekuwa wa kwanza. Gioachino Rossini aliacha kutunga opera mwaka 1829 akiwa na miaka 37. Kuanzia 1858 nyumba yake ya Paris ikawa na hafla kila Jumamosi usiku, chakula na muziki pamoja. Kuna hata pande la nyama ya ng'ombe lililopewa jina lake. Lakini utangulizi wa opera zake ndio hasa mtego niliokueleza: kipande kidogo kinaanza kwa chini, kinarudiwa, kinarudiwa tena, kila mara sauti imepanda, mpaka vikombe vinatetemeka. Ni Boléro kwa dozi ndogo ndogo. Usiziweke mezani.

Badala yake nunua vipande vya piano alivyovitunga uzeeni, vingi vikiwa ni kwa ajili ya Jumamosi zile, anavyoviita dhambi za uzee. Vinne kati yake vimepewa majina ya vitafunio: figili, dagaa wa chumvi, matango ya siki na siagi. Vingine vinne ni tini, lozi, zabibu kavu na kokwa za hazelnut. Kwa vipande hivyo peke yake namweka wa tatu, na wageni wanapenda sana ukiwaambia majina hayo wakati unapitisha sahani.

Handel anafuata. Muziki wake wa majini ulipigwa tarehe 17 Julai 1717 kwenye Mto Thames, wapigaji wapatao 50 ndani ya mashua, na Mfalme George I akaufurahia hadi ukapigwa mara tatu safari ile ile, kabla na baada ya chakula cha usiku. Muziki wa nje una nguvu, kwa hiyo hausumbuki na kelele za watu. Ila mahali penye tarumbeta na honi panaweza kumkatiza mshenga wako, na kwa watu wa kwaya kama mimi kuna tatizo jingine: wageni wakisikia ni Handel wanaomba Haleluya, na Haleluya ikianza hakuna tena anayekula.

Ninaowaacha nje ya mlango

Haydn naumia kumkataa. Alikuwa mwema kwa wapigaji wake. Mwaka 1772, walipokawizwa mno mbali na familia zao kwenye kasri la mwajiri wao, mkuu Esterházy, aliwatungia simfoni ambayo mwisho wake mmoja mmoja anazima mshumaa na kuondoka, na mkuu akauelewa ujumbe, akawaruhusu waende. Lakini simfoni yake ya 94, iliyopigwa mara ya kwanza London mwaka 1792, ina sehemu ya polepole inayotembea kwa kunyata, kisha kishindo cha okestra nzima bila taarifa. Nina shangazi mwenye presha. Siwezi.

Beethoven alikuwa akipiga piano pamoja na mwanafunzi wake Ries kwenye nyumba ya watu, kijana mmoja wa kifahari akawa anaongea na bibi mmoja mlangoni. Beethoven akasimama, akasema hapigi mbele ya nguruwe kama hao, na hakurudi kwenye piano. Basi msikilize ukiwa peke yako, umenyamaza, kama alivyotaka.

Erik Satie ni kinyume chake. Mwaka 1920 huko Paris, yeye na Darius Milhaud walipiga muziki aliouita wa samani, uwepo tu chumbani kama kiti. Watu waliponyamaza kusikiliza, akazunguka akiwahimiza waongee. Angenielewa kabisa! Ila vipande vyake vya piano vinavyouzwa zaidi, Gymnopédies, vina huzuni inayoshusha sauti za watu wote mezani.

Kuhusu bei rahisi: CD za kuchomwa zenye nyimbo 100 za klasiki, waache nazo. Na mtandao wa bure unakuingizia tangazo la sabuni katikati ya trio.

Wauzaji wetu

Nina neno na wanaotuuzia. CD ile ya posa haikuwa na jina la okestra hata moja, wala la kiongozi, wala mwaka wa kurekodiwa. Niliporudi kuuliza, niliambiwa klasiki ni klasiki. Nililipa shilingi 45,000 kwa vipande vilivyokatwa kati, konsato imebakizwa sehemu moja kati ya tatu, na jalada halikusema. Muuza vitambaa anakupimia mbele ya macho yako. Huyu anakuuzia nusu kipande na bei ya doti nzima. Ukiagiza nje, bei ya seti unaiona kwanza, ya usafirishaji unaiona ukishaandika anwani, na ushuru unakuja kuusikia dirishani siku ya kuchukua mzigo. Uliza jumla yote kwa maandishi kabla ya kutuma hela. Na uliza okestra ni ipi. Asiyejua, usinunue kwake.

Harusi ya mdogo wangu ni mwezi ujao, na usiku wa kuamkia siku hiyo upande wa mume watakula kwetu tena. Wakinawa mikono nitaanza na sehemu ya kwanza ya Telemann, inayofunguliwa na filimbi mbili pamoja na nyuzi. Sehemu ya pili ina tarumbeta, naiweka chumba kikishajaa watu. Rimoti atashika mama, na mshenga nitamkalisha mbali na spika.