Nta ya akriliki kwenye vigae vya vinili: uzoefu wangu katika majengo ya Mwanza

Nta ninayoizungumzia ni ile ya maji, nyeupe kama maziwa ikiwa ndani ya dumu, ya akriliki (aina ya plastiki) yenye zinki, yabisi asilimia 20, yaani kinachobaki sakafuni maji yakishakauka. Inauzwa kwa dumu la lita 5 na la lita 20. Nimeitumia pamoja na stripa, yaani dawa ya kuvua nta ya zamani, na sabuni ya kudekia ya mtengenezaji huyohuyo kwenye sakafu mbili: korido za ofisi katikati ya mji, kama mita za mraba 300, na zahanati ndogo iliyo karibu na ziwa. Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota iliyopungua nitaieleza, ila niseme mapema kwamba lawama nyingi zinazotupiwa nta hii zinatokana na kazi iliyofanyika kabla dumu halijafunguliwa.

Kwanza kigae chenyewe. Watu wanakichukulia kama marumaru, wanakidekia kwa sabuni ya unga na jiki, kisha wanashangaa kwa nini kimepauka. Kigae hiki, cha sentimita 30.5 kwa 30.5 na unene wa milimita 3.2, sehemu yake kubwa ni chokaa ya mawe iliyosagwa, na vinili ni kama gundi tu ya kuishikanisha. Kina vitundu, kinanyonya, na kinakwaruzika. Kinachokanyagwa ni nta. Na hiyo nta ni kidogo mno: mikono minne, yaani kuipaka mara nne, ikishakauka haifikii unene wa unywele wa kichwani. Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini mchanga ndio adui namba moja.

Na Mwanza mchanga tunao. Miamba yetu ni ya granaiti, ikimeguka inaacha chenga za kwatzi, ngumu kuliko plastiki yoyote utakayoipaka sakafuni. Kila kiatu kinachoshuka kutoka mitaa ya milimani kinaingia nazo. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, ukipitisha kiganja sakafuni saa nne asubuhi unazisikia. Kwa hiyo kabla hujanunua hata lita moja ya nta, nunua zulia la mlangoni la kutosha, mita nne au tano kwa urefu, mtu apige hatua kadhaa juu yake kabla hajagusa kigae. Lakini angalia mgongo wake: zulia lenye mgongo wa mpira mweusi linaacha doa la njano au kahawia linaloingia ndani ya vinili, na doa hilo halitoki kwa stripa wala kwa pedi. Chukua lenye mgongo wa vinili.

Sasa kuvua nta ya zamani. Kwenye dumu la stripa wameandika kuchanganya sehemu moja kwa nne hadi nane za maji. Kwa nta iliyorundikana miaka mingi nilitumia moja kwa tano, na mita za mraba 300 zilimaliza kama lita 80 za mchanganyiko, yaani lita 13 au 14 za dawa yenyewe. Maji yawe baridi, isipokuwa lebo iseme vinginevyo, maana maji ya moto yanafukiza harufu kali na dawa inakauka upesi. Fanya kipande cha mita za mraba nane hadi kumi kwa wakati mmoja. Mwaga, tandaza, subiri dakika kumi. Zima feni, lakini acha madirisha wazi. Ikianza kukauka, ongeza dawa hapohapo, kwa sababu nta iliyolainika ikikauka tena inashika kuliko mwanzo. Kisha pitisha mashine ya sahani moja ya mizunguko 175 kwa dakika, na pedi nyeusi, ile ya kukwangua. Pembeni mwa kuta mashine haifiki, na huko ndiko nta ya miaka imejikusanya. Tumia kisu cha fundi rangi, ukilaze ili usikate kigae.

Stripa ni alikali kali, inaunguza ngozi, na sakafu yenye stripa inateleza vibaya sana. Gambuti, glavu ndefu na miwani si hiari. Weka kamba mlangoni, maana mtu mmoja anayekatiza kwenda ofisini kwake anatosha kuvunjika nyonga.

Utajuaje kama nta yote imetoka? Kwangua kwa sarafu sehemu tatu nne zikishakauka. Ukiona unga mweupe unaoviringika kama magamba ya sabuni, bado ipo. Mwangaza wa pembeni nao unasema: inama hadi jicho likaribie sakafu uangalie kuelekea dirishani, palipobaki nta panametameta, palipovuliwa pamefifia sawasawa.

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika: kusuuza. Stripa iliyobaki kwenye vitundu vya kigae haionekani kwa macho. Ukipiga nta juu yake, ile alikali inaendelea na kazi yake ya kuvua, safari hii inavua nta mpya. Baada ya wiki mbili sakafu inatoa unga mweupe unaoshika viatu, na mwenye jengo anasema nta ni feki. Si feki. Vuta maji machafu kwa vakyumu ya maji, kamwe usiyaachie yakauke. Suuza kwa maji safi mara mbili, kila mara kwa dekio safi na ndoo safi. Kwa korido zangu zilienda ndoo tano za lita 20 kwa suuzo moja, na maji yakibadilika rangi ndooni nilimwaga. Kisha dondosha maji safi kidogo sakafuni, subiri dakika moja, bandika karatasi ya kupimia pH, yaani kiwango cha alikali. Ikisoma 7 au 8, endelea. Ikisoma 9 au zaidi, suuza tena. Siku ambayo bomba halitoki maji na tanki limebaki nusu, ahirisha kazi. Usipunguze suuzo hata moja ili umalize leo.

Baada ya hapo kupiga nta ni kazi ya utulivu. Lebo inasema lita moja ifunike karibu mita za mraba 50. Mkono wa kwanza hauwezi, kigae kilichovuliwa kinanyonya. Weka hesabu ya 40. Mikono mitatu inayofuata inakaribia 50. Kwa mita za mraba 300, piga hesabu: lita saba na nusu, kisha sita mara tatu, jumla ni kama 25. Dumu moja kubwa na moja dogo yanatosha kwa kubana, kwa sharti kwamba mikono miwili ya mwisho haifiki ukutani. Iishie sentimita 15 hadi 20 kabla ya ukuta. Pembeni hapakanyagwi, kwa hiyo nta haitoki, inazidi kujirundika na kuwa ya njano.

Dekio la nta liwe jipya au liwe la nta peke yake. Lililowahi kudekia kwa sabuni linaacha michirizi hata ukilifua mara kumi. Lilowe, kisha likamuliwe hadi lisidondoke. Anza na mstari wa pembeni, halafu rudi nyuma kwa mwendo wa namba nane, kila pito likipanda kidogo juu ya lililopita. Usirudie mahali palipoanza kukauka. Nta nene haileti mng'ao zaidi, inaleta mapovu na sehemu laini inayobonyea chini ya miguu ya kiti. Usiitikise dumu kwa nguvu pia, mapovu yanaanzia hapo. Na nta iliyobaki ndooni usiirudishe dumuni. Imeshabeba uchafu, baada ya mwezi dumu zima litanuka kama yai viza.

Kati ya mkono na mkono subiri dakika 40, lakini hizo ni za siku kavu. Machi hadi Mei, mvua ikiwa imetoka kunyesha na upepo wa ziwani umejaa unyevu, nimesubiri saa moja na nusu, wakati mwingine mbili. Gusa kwa mgongo wa kidole: ikinata hata kidogo, subiri. Mkono wa pili juu ya wa kwanza uliolowa unafunga maji ndani, na unapata ukungu mweupe usioondoka. Feni isielekezwe sakafuni, inakausha ngozi ya juu tu na chini kunabaki kubichi. Ielekeze juu, izungushe hewa.

Jambo la ziwani ambalo halimo kwenye lebo yoyote ni vinzi, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaotoka kwa mawingu, hasa siku za mwezi mwandamo. Wanafuata taa. Kazi ya nta mara nyingi hufanyika usiku watu wakiwa wametoka, taa zote zikiwaka, na kwenye jengo lililotazama ziwa hiyo ni karamu yao. Kinzi mmoja akitua kwenye nta mbichi, mabawa yanalala bapa na mwili unabaki kama nukta nyeusi yenye kivuli. Usimtoe hapohapo, ukimvuta unang'oa utando na kuacha kovu kubwa kuliko yeye. Acha ikauke, sugua nukta kwa kipande cha pedi ya bluu, isiyo kali kama nyeusi, chenye maji, futa, kisha piga mkono unaofuata. Njia bora ni kuvua na kusuuza usiku, na kupiga nta alfajiri kuelekea mchana wa Jumapili taa zikiwa zimezimwa. Tangu nipange hivyo, nukta zimekwisha.

Watu wapite kwa miguu kesho yake. Samani ziinuliwe, zisiburutwe. Usideki kwa sabuni siku tatu za mwanzo, fagia kwa dekio kavu tu.

Matunzo ya kila siku ni mepesi, na hapa sabuni yao naisifu. Ni ya pH ya katikati, si alikali wala asidi, mfuniko mmoja kwa ndoo ya lita 10 unatosha, na haiachi utando. Wasafishaji wetu wana mkono mzito: wakiona povu halijajaa wanaongeza, na sabuni iliyozidi inanata, inavuta vumbi, sakafu inageuka kijivu. Wekeni kipimo kilichofungwa kwa kamba kwenye dumu. Kufagia kwa dekio kavu la maikrofaiba kuwe mara mbili kwa siku kiangazi, kabla ya kudeki, la sivyo unadeki kwa tope la mchanga. Kila baada ya wiki moja au mbili korido inang'arishwa kwa mashine ya kasi ya mizunguko 1500 na pedi nyeupe, na alama za viatu zinafifia zenyewe. Nta hii inajibu vizuri hapo, mng'ao unarudi. Mashine hiyo inavuta umeme mwingi: waya mwembamba wa mita 30 unapata moto na mota inalegea, tumia wa milimita za mraba 2.5, na uufungue wote kutoka kwenye bobini. Ikifika miezi minne hadi sita kwenye njia kuu, sugua juujuu kwa pedi ya bluu na sabuni, suuza, piga mkono mmoja au miwili. Kuvua yote hadi chini kusiwe desturi ya kila mwaka.

Nyota iliyopungua ni ya zahanati. Jiki ikitumiwa kila siku inafubaza nta hii ndani ya mwezi. Chini ya kila chupa ya kitakasa mikono iliyotundikwa ukutani kuna duara jeupe lililopauka, kwa sababu spiriti inayodondoka inayeyusha akriliki. Kisahani cha kukinga matone kinatatua la pili. La kwanza linahitaji kufuata kipimo cha dawa kilichoelekezwa, kuiacha muda wake, kisha kupitisha maji safi. Hata hivyo kwa chumba cha kufungia vidonda singechagua kigae hiki kabisa. Ningeweka vinili ya shuka, yaani ya mapande makubwa badala ya vigae, iliyounganishwa kwa moto.

Msitumie ile nta nyekundu ya kopo ya sakafu za saruji, wala mafuta ya taa. Viyeyushi vilivyomo vinalainisha kigae, na gundi ya lami iliyo chini inapanda juu kupitia maungio.

Kama nta inabanduka magamba kwenye maungio pekee na kuna chumvi nyeupe, shida iko chini: unyevu wa zege. Majengo ya karibu na maji yaliyomwagwa bila karatasi ya nailoni chini ya sakafu yanafanya hivyo. Bandika kipande cha nailoni cha sentimita 46 kila upande juu ya zege tupu, ziba kingo zote kwa utepe, ukifungue baada ya saa 16. Ukikuta jasho au zege limekuwa jeusi, weka dumu chini, ita fundi wa ujenzi.

Maji ya stripa yana zinki ya nta uliyovua, na zinki inaua viumbe wa majini. Mtaro wa mvua katikati ya mji unaishia mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani, tunakochota maji ya kunywa. Yamwage kwenye choo kilichounganishwa na bomba la majitaka. Jengo lenye shimo la choo lisipokee lita zote 80 siku moja, maana alikali hiyo inaua bakteria wanaolifanya shimo lifanye kazi. Gawa kwa siku nne au tano, na yanayosubiri yakae kwenye madumu yenye mfuniko na maandishi makubwa, mbali na ndoo za kudekia.