Tabo used toka kwa mtu binafsi, nimeridhika
Nimenunua tabo (turbo, ile inayosukuma hewa ndani ya injini) kwa jamaa aliyekuwa anafumua gari yake, na kwa kweli nampa maksi nyingi. Kabla hata ya kuongea bei aliniacha niikague nitakavyo, nikashika shafti nikaitikisa, upande kwa upande ilicheza kidogo tu, hiyo kawaida kwa tabo ya bushi (shafti inazunguka kwenye bushi, siyo bearingi za gololi) ikiwa haina oili, ila kuvuta na kusukuma haikucheza kabisa na hapo ndo pa kuangalia, ikicheza huko achana nayo hata bei ikuvutie vipi. Mapanga ya feni zake mazima, hamna lililomeguka. Upande wa moto, unakopita moshi wa injini, kuna ufa mdogo na alinionyesha mwenyewe kabla sijauona, wauzaji wa hivi adimu jamani!

Kilichoniudhi ni picha za tangazo, giza tupu, namba ya kwenye kibati cha tabo haisomeki, sasa mtu atajuaje kama inaingiliana na injini yake? Wauzaji pigeni picha kibati, na msioshe oili iliyovuja, tunataka kuona kitu kilivyotoka. Fundi kaifunga na gaskiti mpya na paipu mpya ya oili, inavuta vizuri, moshi hakuna.