Arctic MX-4 kwa laptopu inayochemka: pesti nzuri, ila feni itoke kwanza

Laptopu za mtumba zilizojaa maofisini na kwenye steshenari za Arusha na Moshi, HP EliteBook 840 G3, ThinkPad T480 na ndugu zao, hazihitaji pesti ya bei kali, yaani ule uji unaopakwa kati ya prosesa (chipu kuu) na shaba ya kupoozea ili joto lipite. Bomba la Arctic MX-4 la gramu 4 linazitosha kabisa: haipitishi umeme, inapakika kwa urahisi, na bomba moja linahudumia mashine nyingi. Hapo tunaisifu bila kusita. Ila anayeinunua akitegemea pesti peke yake ishushe joto kutoka nyuzi 98 hadi 65 atarudi dukani na malalamiko, kwa sababu mara nyingi ugonjwa hauko kwenye prosesa. Uko pembeni yake kidogo, pale feni inapokutana na mapezi ya kupoozea, vile vibati vyembamba vilivyopangana kwenye tundu la kutolea hewa.

Kwa hiyo pima kwanza. Weka HWiNFO64, programu ya bure ya kusoma joto, halafu endesha Cinebench R23, programu ya kuichosha prosesa, ambayo isipobadilishwa huenda dakika 10 mfululizo, huku ukiangalia joto linavyopanda. Likiruka kutoka 45 hadi 95 ndani ya sekunde moja au mbili, prosesa haigusani vizuri na shaba: pesti imekauka, au kuna skrubu iliyolegea. Likipanda taratibu, dakika nne tano, ndipo lifike huko juu, basi joto linatoka kwenye prosesa bila shida ila halipati njia ya kutoka nje ya mashine. Hilo ni vumbi. Hakikisha kwa kiganja kwenye tundu la kutolea hewa. Hewa ikiwa ya uvuguvugu na ya kutosha huku skrini inasoma 97, shughulika na pesti. Ikiwa ya moto lakini haba, mapezi yameziba. Na mrija wa shaba ukiwa wa moto upande wa prosesa lakini baridi upande wa mapezi, mrija wenyewe umekufa. Hapo tafuta mwingine, pesti yoyote haitausaidia.

Prosesa kama i5-6300U ya 840 G3 na i5-8250U ya T480 zina kikomo cha nyuzi 100. Zikikaribia hapo hazisubiri kuungua, zinajipunguza kasi zenyewe. Ndiyo maana mashine ile ile inayofungua Excel vizuri asubuhi inaanza kukwama saa nane mchana, na mwenyewe anadhani ni virusi au anaambiwa aongeze RAM.

Sasa pesti yenyewe. Pesti nyeupe inayouzwa kwa jina la HY410 imeandikwa wati 1.42 kwa mita kwa nyuzi, kipimo cha kupitisha joto: namba ikiwa kubwa, joto linapita vizuri zaidi. Ile ya kijivu, HY510, ni 1.93. MX-4 imeandikwa 8.5. Ukisoma hivyo unaona kama MX-4 ni bora mara nne na zaidi, na kwa hesabu ya karatasi ndivyo. Lakini hebu ihamishie kwenye laptopu ya ofisi. Kipande cha prosesa ya T480 kina eneo la kama milimita za mraba 120. Chukua wati 15, ambazo ndizo kiwango chake cha kawaida, na tabaka la pesti lenye unene wa milimita 0.05. HY510 inakugharimu nyuzi 3 na kidogo. MX-4 inakugharimu chini ya nyuzi 1. Tofauti nzima haifiki nyuzi 3! Kwenye laptopu ya gemu inayovuta wati 45 kupitia kipande cha ukubwa huo huo, pengo linakuwa nyuzi 7 na zaidi, na hapo pesti nzuri inaanza kuonekana.

Mbona basi tusichukue ya bei rahisi? Kwa sababu ya umri. Pesti hizi za silikoni hafifu huachana na mafuta yake, mafuta yanachuruzika pembeni, unga unabaki mkavu kama chokaa ya ukutani. Siku ya kwanza vipimo vinafanana. Baada ya miezi kadhaa ya kuwashwa na kuzimwa, prosesa ikitanuka na kusinyaa kila siku, ile nyeupe imeshapasuka na mashine inarudi kwa fundi. MX-4 hukaa miaka. Hicho ndicho unacholipia.

Kwenye kufungua, T480 ina ustaarabu wake. Wakati mashine inawaka, bonyeza F1 uingie BIOS, mipangilio yake ya msingi, nenda Config, halafu Power, chagua Disable Built-in Battery, mashine itajizima. Toa betri ya nyuma, legeza skrubu sita za kava la chini. Skrubu hizo hazitoki, zimefungwa kwenye kava, kwa hiyo usizing'ang'anie na kisu. Kwenye 840 G3 nazo hulegezwa tu. Kava likishatoka, chomoa betri kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Bisibisi ni ile ndogo ya nyota, na iwe na ncha nzima. Ncha iliyolika inakula kichwa cha skrubu, na skrubu iliyolika karibu na prosesa ni msiba wa siku nzima.

Skrubu za kupoozea zinazozunguka prosesa huwa na namba, 1 hadi 4. Kulegeza anza na 4 urudi hadi 1, nusu mzunguko kwa kila moja, kisha rudia. Ukimaliza moja yote kabla ya nyingine, shaba inainama upande mmoja na inaweza kumega kona ya kipande cha prosesa, ambacho kiko wazi bila kofia ya chuma kama ya kompyuta za mezani. Shaba ikigoma kuachia, usiivute juu. Izungushe kidogo kushoto na kulia hadi pesti ya zamani iachie. Kuwasha mashine dakika tano kabla ya kuifungua kunasaidia.

Hapa ndipo penye kazi. Tenganisha feni na mapezi. Kwenye mashine nyingi vimeshikanishwa kwa utepe wa foili. Ubandue polepole kwa sababu utarudi. Utakachokuta kwenye mdomo wa mapezi si vumbi la kupangusa. Ni utando wa kijivu mzito kama kipande cha blanketi, umelala sawasawa ukuta hadi ukuta, una nywele, nyuzi za shuka na ule udongo laini wa barabara za Sakina na Kwa Mrombo hapa Arusha. Ukiushika kwa kibanio unatoka mzima, kipande kimoja. Sasa fikiria fundi aliyeelekeza blowa kwenye tundu la nje bila kufungua kitu. Utando ule haukutoka, ulirudi nyuma ukalala kwenye feni, na feni ikiwashwa unarudi mahali pake kabla hujafika stendi. Blowa ikitumika, feni ishikwe kwa kijiti isizunguke, maana ikipulizwa inazunguka kupita kasi yake, beringi zinaumia na yenyewe inageuka jenereta inayorudisha umeme kwenye mazabodi.

Kufuta pesti ya zamani, dawa ni alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Spiriti ya duka la dawa inafaa ikiwa haina mafuta; jaribu tone moja kwenye kioo, likikauka bila kuacha alama, endelea. Sanitaiza ya jeli hapana, ina glisirini. Petroli hapana. Na dawa ya meno, ambayo bado inasifiwa mitaani, ni maji na chokaa. Maji yakikauka unabaki na chokaa. Tumia kitambaa kisichotoa nyuzi, na kwenye vikapasita vilivyozunguka prosesa pitisha pamba ya masikio bila kukwangua.

Utaona vipande viwili vinavyong'aa kwenye bamba moja. Kikubwa ndicho prosesa. Kidogo ni chipu ya kusimamia milango na diski, na kwenye mashine nyingi za aina hii shaba haikigusi. Kama hakikuwa na kitu kutoka kiwandani, kiache hivyo. Kwenye kikubwa weka pesti ya ukubwa wa punje ya mchele na uitandaze ifunike uso wote, kona zote nne, kwa kipande cha plastiki. Kwa kompyuta ya mezani tone la katikati linatosha kwa sababu kofia inasambaza joto. Hapa kona iliyobaki tupu ni kona inayoungua. Kwa uzito, tabaka la milimita 0.1 juu ya kipande hiki ni gramu 0.03 tu. Hata ukimwaga mara tano ya hiyo, bomba la gramu 4 linapita mashine 20. Fundi anayemaliza nusu ya bomba kwenye laptopu moja hakupendelei, anakupakia blanketi jingine.

Kosa linalotuudhi kuliko yote ni la pedi. Zile pedi laini juu ya chipu za umeme au za kumbukumbu zina unene wake: milimita 0.5, 1 au 1.5. Zikichanika, fundi mvivu anajaza pesti mahali pake, na pesti haiwezi kujaza pengo la milimita moja. Au anaweka pedi nene kuliko ya awali, shaba inanyanyuka, prosesa inabaki hewani, kisha lawama zote inabebeshwa MX-4.

Kufunga ni 1, 2, 3, 4, kwa awamu, hadi skrubu zigote. Rudisha utepe wa foili. Ukiuacha, sehemu ya hewa ya feni inavujia ndani ya mashine badala ya kupita kwenye mapezi.

Pima tena kwa Cinebench ile ile, lakini linganisha kwa haki. Chumba cha Arusha cha nyuzi 18 mwezi wa Julai na chumba cha Moshi cha nyuzi 31 mwezi wa Februari vinapishana nyuzi 13, na tofauti hiyo inahamia karibu yote kwenye prosesa. Mashine iliyosoma 80 Njiro, Arusha, inaweza kusoma 93 Moshi bila kosa la mtu. Arusha nayo ina lake: mji uko kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya Tanga au Dar, hivyo feni ile ile inabeba joto pungufu kwa kila mzunguko. Ukitaka nafuu ya haraka, kwenye mipangilio ya umeme ya Windows weka kikomo cha juu cha prosesa asilimia 99. Hilo linazima ile kasi ya ziada, na kwa kazi za Word na barua pepe hutaona pengo.

MX-4 inaposhindwa ni kwenye laptopu za gemu na za kuhariri video. Huko inasukumwa pembeni na kutanuka kwa kila siku, na karatasi ya Honeywell PTM7950, inayowekwa badala ya pesti, ni bora: huanza kulainika kwenye nyuzi kama 45, inajaza mapengo yenyewe, na haichuruziki kirahisi. Iweke kwenye friji dakika kadhaa ili plastiki yake ibanduke bila kuichana. Pesti ya Thermal Grizzly Kryonaut ina namba tamu ya kupitisha joto, 12.5, lakini hatuishauri kwenye laptopu inayoshinda kwenye nyuzi 90, inakauka mapema.

Feki zipo, hasa za PTM7950. MX-4 halisi ina namba ya siri kwenye pakiti inayohakikiwa kwenye tovuti ya Arctic. Bomba lililouzwa bila pakiti halina cha kuhakiki, na bei yake iwe ya pesti isiyo na jina. Kama kazi unampa fundi, mwambie kabla hajashika bisibisi: "Fundi, naomba nione feni ikiwa nje ya mapezi, na pesti ya zamani ikiwa imefutwa, kabla hujapaka." Akijibu kwamba haina haja, atapuliza tu, chukua laptopu yako.