IPOA: Huduma ya Malalamiko Dhidi ya Polisi, Inapofaa na Inapokwama

Ukijeruhiwa na polisi kwenye maandamano nchini Kenya, mahali pa kulalamika nje ya polisi wenyewe ni Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Hulipi chochote. Unaweza kueleza kwa mdomo au kwa maandishi, kwa simu 1559 au kwa kufika ofisini. Jamaa na mashahidi nao wanapokelewa, na anayeogopa kutaja jina halazimishwi. Kwa upande huu huduma ni nzuri kwelikweli, maana mtu halazimiki kurudi kuripoti katika kituo kilekile cha waliompiga.

Faili hukwama kwenye ushahidi, na mwingi hupotea siku mbili za kwanza. Nenda hospitalini siku hiyohiyo, umwombe daktari aandike jeraha liko wapi, na kama ni risasi, iliingilia wapi na kutokea wapi. Chukua fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha, na nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo cha polisi. Ukinyimwa kituoni, andika tarehe, saa na aliyekunyima. Hilo ni lalamiko jingine kamili. Risasi ikitolewa mwilini, ifungwe hospitalini kwa lakiri na kila anayeikabidhi na kuipokea atie sahihi. Ikipitia mfukoni mwa jamaa, wakili wa mshtakiwa ataikataa mahakamani, na atakuwa na hoja.

Kwa aliyefariki, msizike kabla ya upasuaji wa maiti, na daktari aliyechaguliwa na familia awepo. IMLU, shirika la haki lenye madaktari na mawakili, limesaidia familia nyingi kwa hili. Video nayo ibaki kwenye simu iliyoirekodi: ikitumwa WhatsApp hupunguzwa ubora na kupoteza taarifa za saa na mahali.

Sasa kasoro kubwa. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011 linamtaka afisa ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu, linasema amri ya mkubwa si kisingizio, na linamtaka aliyevaa sare aonyeshe jina au nambari yake. Agosti 2024 Mahakama Kuu iliagiza tena kwamba maafisa wa maandamano watambulike. Lakini mwaka huohuo na uliofuata, wenye barakoa na askari kanzu waliendelea kuonekana barabarani wakiwa na bunduki. Bila jina, mpelelezi hutegemea orodha ya waliotumwa zamu na daftari la silaha, vyote vikiwa mikononi mwa polisi. Hata uchunguzi wa risasi hufanyika katika maabara ya DCI, idara ya upelelezi ya polisi wenyewe. Mchunguzwa ndiye mwenye funguo za kabati, na hakuna bidii ya mpelelezi itakayoliziba pengo hilo.

Tena IPOA haishtaki. Hupeleka faili kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, naye anaweza kuirudisha. Hukumu ya kwanza kutokana na uchunguzi wake ilipatikana 2016, kwa kuuawa kwa binti wa miaka 14 huko Kwale mwaka 2014.

Kesi zikiwagusa makamanda, mwendo ni wa kuumiza zaidi. Baby Pendo, wa miezi 6, alipigwa na polisi ndani ya nyumba yao Kisumu katika vurugu za baada ya uchaguzi wa Agosti 2017, akafariki siku chache baadaye. Uchunguzi wa mahakama ya Kisumu wa 2019 uliwataja maafisa wa ngazi ya juu kuwa na lawama. Idhini ya kuwashtaki maafisa 12 ilitoka 2022. Miaka mitano kwa mtoto mchanga! Na baada ya maandamano ya Juni 2024, ambamo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu makumi ya vifo, mkuu wa polisi, Inspekta Jenerali Japhet Koome, alijiuzulu Julai 12. Kujiuzulu hakumjibu mzazi aliyeuliza nani alitoa amri ya kufyatua.

Huduma hii itumieni, lakini si peke yake: wakili au shirika la haki awe na nakala ya kila karatasi. Katika taarifa yako taja pia aliyekuwa akiongoza kikosi na magari yaliyokuwepo, si aliyefyatua tu. Kabla ya kuondoka ofisini, dai nambari ya kumbukumbu na jina la mpelelezi, kisha ulizia kwa barua, maana simu haiachi rekodi.