Ukerewe kwa meli na bodaboda: uzoefu wangu

Wengi wanaoniuliza kuhusu Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, huanza na swali la hoteli. Mimi huwaambia waanze na meli, tena ile ya abiria wa kawaida inayotoka Mwanza mjini kwenda Nansio, mji wa bandari wa Ukerewe, maana raha ya kisiwa kile inaanzia humo ndani. Ukienda kwa boti ya kukodi unashuka ukiwa mgeni asiyejulikana na mtu. Kwenye meli, zile saa tatu na ushee zinatosha kabisa kupata mwenyeji.

Nilikata tiketi ya daraja la pili. Kwenye benchi letu alikuwepo mama mmoja anayenunua vitenge Mwanza na kwenda kuviuza kisiwani, amezungukwa na viroba vyake. Nilimwamkia, akaitikia, akasogeza kiroba kimoja nikae vizuri. Tulipoliacha nyuma Jiwe la Bismarck, lile jiwe maarufu la majini pale Mwanza, alikuwa ameshajua kwetu ni wapi na nafanya kazi gani. Kilichomshangaza ni kwamba sikuwa na ndugu Ukerewe.

"Kwa hiyo unakuja kutembea tu?"

"Ndiyo mama, kutembea tu."

"Basi ukishuka usidandie kila pikipiki. Kuna mtoto wa dada yangu anaegesha pale bandarini. Ngoja nimpigie."

Akapiga palepale. Kijana nilimkuta gatini ananisubiri, akanipokea begi kama tunajuana tangu zamani. Tulipatana bei ya siku nzima kabla hajawasha pikipiki, mafuta yakiwa ndani ya bei hiyo, na hadi jioni hakuongeza hata mia. Nasisitiza hili kwa sababu kuna watu Mwanza wanakuuzia "ziara ya Ukerewe" kwa hela nyingi, kisha wakifika Nansio wanakukabidhi kwa bodaboda huyohuyo. Mlipe mwenyewe, hela ibaki kisiwani.

Malazi ndiyo sehemu iliyoniudhi. Nyumba ya wageni niliyoweka nafasi kwa simu iliniahidi chumba kinachotazama ziwa. Nilichopewa kilitazama ukuta wa jirani, maji ya ndoo, na hela ya usiku wa pili hawakutaka kunirudishia. Kulipokucha nikahama. Nansio hazikosekani nyumba safi za bei ya kawaida, ila lipa baada ya kukiona chumba kwa macho yako, na lipa usiku mmoja mmoja.

Sasa kisiwa chenyewe. Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Victoria, kama kilomita za mraba 530, kwa hiyo usidhani utakizunguka kwa miguu. Barabara nyingi ni za vumbi, zinapita katikati ya mihogo, michungwa na mawe makubwa ya aina ileile ya Mwanza. Kijana wangu alinipeleka Bukindo kwenye jumba la watawala wa zamani wa Wakerewe. Utemi, yaani utawala wa machifu, ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1963, na mtawala wa mwisho wa hapa, Michael Lukumbuzya, baadaye aliitumikia nchi akiwa balozi. Mahali penye historia nzito namna hiyo panastahili matunzo na maelezo ya maandishi. Mimi maelezo niliyapata kwa mzee mmoja jirani aliyekuwa akimenya muhogo kivulini. Nilimpa shikamoo, akaniita mjukuu, akaacha kisu chini na kunisimulia habari za watawala mmoja baada ya mwingine hadi kijana wa bodaboda naye akazima pikipiki akasogea kusikiliza. Tulipoaga alitufungia machungwa kwenye kipande cha khanga. Nilitaka kumpa chochote, akakataa kwa upole, akasema nikipita tena nimletee majani ya chai.

Kilichonikaa moyoni zaidi ni mwalo mmoja wa dagaa, yaani pale ufukweni wavuvi wanaposhusha mzigo, nje kidogo ya Nansio. Akina mama walikuwa wanaanika mzigo wa usiku. Nilisimama pembeni nikiogopa kuwakanyagia, mmoja akaniita nisogee. Akanieleza kwamba dagaa walioanikwa mchangani huishia kwenye chakula cha kuku kwa bei ya chini, na wanaoanikwa juu ya chanja, ile meza ya kuanikia, ndio wa kuliwa na watu, kwa hiyo chanja ni mtaji. Akaokota mmoja akamvunja kati ya vidole viwili karibu na sikio langu. Akikatika kwa mlio amekauka, akipinda bado ana maji na ataoza ndani ya gunia. Alinipa na mimi nivunje. Mvua ikinyesha ghafla wakati wa kuanika, kazi ya usiku mzima ya wavuvi inaharibika, ndiyo maana wale mama walikuwa wanatupia macho mawingu kila baada ya sentensi mbili. Sijawahi kula dagaa kwa heshima kama jioni ile, na ugali wa muhogo.

Hapa nakupa siri ya kupanga tarehe: nenda wakati wa giza, yaani siku zisizo na mbalamwezi. Dagaa wa ziwani huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazina nguvu, kwa hiyo wavuvi hupumzika. Siku za giza mitumbwi hutapakaa mbele yako, na ziwa zima linawaka taa kama mji. Beba sweta, upepo wa usiku ufukweni una baridi.

Ukara ni kisiwa kingine, kaskazini ya Ukerewe, na unavuka kutoka Bugolora, upande wa Ukerewe, hadi Bwisya, upande wa Ukara. Watu huenda kwa ajili ya jiwe linalocheza, na kweli linacheza: wenyeji waliimba, mmoja akapanda, lile jiwe zito likayumba nikaliona kwa macho yangu. Lakini usivuke maji yale bila kukumbuka tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikiwa karibu kabisa na Bwisya na watu zaidi ya 220 wakafa. Wengi walizikwa palepale Ukara. Dada niliyekaa naye safarini alipoteza jirani yake siku ile. Aliongea taratibu akinionyesha upande wa makaburi, kisha akaniuliza kama nimevaa jaketi okozi vizuri, akanikaza mkanda yeye mwenyewe. Kwa hiyo hata ukiambiwa ni mwendo mfupi, vaa jaketi okozi, na chombo kikijaa kupita kiasi subiri kingine.

Kuhusu kuogelea: fukwe zinavutia, ila kichocho kipo, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye majani. Mimi niliishia kukaa juu ya mawe. Ukishindwa kujizuia, kapime ukirudi, dawa ipo.

Kama muda hauruhusu safari ndefu, kisiwa cha Saanane kiko dakika chache kwa boti kutoka Mwanza mjini. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, ina pundamilia, pimbi, mijusi ya rangi juu ya mawe, na watoto wanaifurahia sana. Inafaa kwa nusu siku. Ila hutakutana na mtu wa kukuita mjukuu kule, na kwangu hicho ndicho kinachonifanya niipe Ukerewe alama zote. Anayeogopa meli anaweza kuzunguka kwa barabara kupitia Bunda hadi Kisorya na kuvuka kwa kivuko hadi Rugezi. Ni mbali zaidi, lakini unafika.

Anayetaka bwawa la kuogelea na muziki hadi usiku wa manane abaki kwenye hoteli za mjini. Mwenye kupenda watu aende, na kwenye begi abebe majani ya chai na sukari, si pipi za kugawia watoto njiani. Mimi picha za mwaloni nimeshawatumia akina mama kupitia simu ya kijana wa bodaboda, na safari ijayo nataka kulala Ukara.